Makaro ya Baba mu Nyumba ya Kuku

Kaka yangu Louis alizaliwa na bahati mbaya moja: watu wanamusikilizaka. Akisimama ku kona ya barabara na kufungua kinywa, hata kama ni ujinga mutupu njo anasema, utaona watu wanasimama, wanatikisa kichwa, "ni kweli, Papa Louis, ni kweli kabisa." Mimi Joséphine, dada yake mudogo, nauzaka samaki ya kukauka mu soko ya Bunia. Ku soko akikuja muuzaji mwenye sauti ya vile, samaki yake mimi naigeuza na kuinusa mara mbili. Lakini ndugu hanuswi. Unapewa tu.

Kwanza alifuga nyuki. Akatengeneza mizinga, akaipaka rangi ya bluu, nyuki zikaiangalia zikapita, zikaenda kukaa mu paa ya jirani. Kisha akapika sabuni, na ile sabuni kweli iliondoa uchafu, iliuondoa pamoja na ngozi. Kisha akachimba shimo ya samaki nyuma ya nyumba, kwake mu mutaa ya Mudzi-Pela, na msimu muzima tulivuna vyura. Kila mara kitu ikikufa, Louis anasafisha koo na kusema: "Watu ya hapa hawajafika ku kiwango." Kazi yake ya kweli ni kuuza vipuri ya moto, ile pikipiki, na hata hiyo, mwenye anakaa ku kibanda ni Christella, bibi yake wa ndoa. Yeye anapitaka tu saa ya mangaribi kuuliza kama kuna wateja walikuja, utazani yeye ni inspecteur.

Sasa mwaka moja njo wakamwita ku formation, ni kusema mafunzo. Shirika moja, jina nimesahau na sitaki kukumbuka, ikakusanya watu mu salle ya hoteli, wakanywa Fanta, wakakula beignets, wakaonyeshwa picha ya kuku ku ukuta. Louis akarudi na karatasi: brevet ya ufugaji ya kisasa ya kuku. Akaenda kuivalisha plastiki. Akaitundika mu salon, juu kidogo kupita Bikira Maria. Christella akamuambia, "Papa, ishushe kidogo, si vizuri." Yeye akajibu eti musumari ilikuwa tayari pale.

Tangu siku ile akakuwa Docteur. Na watu ya Mudzi-Pela, wapumbavu wakubwa, wakaanza kumwita Docteur kweli! Jirani yake Osée alimuletea mbuzi mwenye kukohoa. Louis akaweka sikio ku tumbo ya mbuzi, akafunga macho, akasema: "Hii ni stress." Osée akatoa aksanti mingi, akarudi na mbuzi yake, na mbuzi ikaendelea kukohoa. Mimi nilicheka mpaka kitambaa ya kichwa ikaanguka.

Ningeendelea kucheka hadi leo. Lakini iko kitu moja haichekeshi, na lazima niiseme.

Baba yetu alikufa mwaka vita ilirudi upande ya kwetu, mbele ya Djugu. Tulimuzika kule mbiombio, watu tayari na mizigo ku kichwa. Udongo, musalaba ya miti, sala fupi, kisha kukimbia. Mama Berthe alifika hapa Bunia na nguo nyeusi ya kilio ku mwili na hajaivua. Wajane wengine, muda ikitimia, familia inakusanyika, watu wanakula na kunywa, mama anaogeshwa, anavalishwa pagne ya rangi, kilio inaisha. Mama yetu alikataa. Alisema: "Nitavua aje, na muzee wangu amelala chini ya magugu? Siku kaburi yake itavalishwa, njo na mimi nitavaa." Hapo hakuna mutu wa kumubembeleza. Mama ni mama.

Kwa hiyo Davy, ndugu yetu wa mwisho, mwenye anafanya biashara kule Ariwara, wakati biashara ilikuwa bado inatembea, akanunua makaro. Unajua makaro, yale ya kung'aa yenye wanaweka chini mu manyumba ya matajiri, na siku hizi ku makaburi pia. Alimutumia mama picha mu telefone. Mama akakataa ya rangi nyekundu, akakataa ya maua, akachagua nyeupe, ile nyeupe ya maziwa, kwa sababu baba alikuwa mutu ya ng'ombe na maziwa njo kitu alikuwaka anaheshimu. Makaro yakakuja na camion. Yakashushwa kwa Louis, kwa sababu Louis ni mutoto ya kwanza na kaburi ya baba ni kazi yake. Kisha barabara ya kule Djugu ikafungwa. Leo wanasema imefunguka, kesho bunduki inalia, inafungwa tena. Macarton yakabaki mu salon ya Louis, kitambaa juu, televisheni juu ya kitambaa. Mama akienda kumutembelea, mbele ya kusalimia mutu, anatangulia kuweka mukono ku yale macarton. Sisi wote tulijua: mama anangoja barabara ifunguke, aende, ajenge, avue. Hana kitu ingine anangoja mu dunia hii.

Basi, msimu ya mvua goti ya mama ikavimba. Anaishi kwangu, ngambo ingine ya mji, na kwa Louis haendi tena. Njo ule wakati Docteur akaamua kujenga nyumba ya kuku.

Na haikuwa nyumba ya kuku, weye! Ilikuwa poulailler, ya kisasa. Mabati mupya, mbao ya kurandwa, wavu ya chuma ku madirisha, na urefu ya mutu kusimama wima, sababu Docteur hawezi kuinama akienda kwa wagonjwa yake. Watu wenye wamekimbia vita wanalala chini ya bâche ya plastiki, na kuku ya Louis ilipata madirisha. Wakati ukuta ulisimama, ikabaki chini, sakafu. Na kwa ile mambo ya chini, Mungu wangu, Louis alifundisha mutaa muzima.

"Udongo?" alisema, na Osée na wengine wamesimama pale kinywa wazi. "Udongo ni ya kizamani. Mu udongo iko vijidudu. Kuku ya kisasa haikanyagi udongo."

Osée akasema labda mbao.

"Mbao! Mbao inaoza na mukojo, panya inaingia chini, inafanya parlement yake pale."

"Muchanga ya mutoni?"

"Unaiosha aje, muchanga? Niambie, unaosha aje muchanga?"

Mimi nilikuwa nimepita pale na beseni yangu ya samaki. Nikamuambia kaka: "Yaya, si umwage tu maranda ya seremala? Kila mutu anafanyaka hivyo." Akaniangalia na ile huruma ya watu wenye brevet. "Joséphine, Joséphine. Maranda ni matandiko. Mimi nasema sakafu. Weye nyumba yako uliijenga na sakafu ao na godoro?" Watu wakacheka. Nikabeba beseni yangu nikaenda. Samaki angalau haisemi.

Akajaribu simenti mu kona moja. Kwa sababu alipunja simenti na kuongeza muchanga, ikapasuka mbele ya kukauka. Lakini Docteur hawezi kusema amekosea. Akasema simenti inakwaruza miguu ya kuku. Alitaka kitu laini, kitu inaoshwa, kitu yenye mutu akiingia anaona mara moja hapa iko elimu.

Siku ya alhamisi nikarudi kumuletea Christella ndakala, ile samaki mudogo-mudogo ya kukauka. Naingia mu salon, naona televisheni imekaa chini, juu ya kesi ya chupa ya pombe. Pale macarton yalikuwa, ukuta iko mutupu, na alama ya vumbi.

Nikamuuliza Christella, "Makaro iko wapi?" Christella akainama, akaanza kuhesabu ndakala, na ndakala haihesabiwi.

Louis akatokea mulangoni, anapangusa mikono. "Aa, dada yangu! Umefika vizuri. Kuja uone."

"Yaya, makaro ya baba iko wapi?"

"Usipige kelele. Yalikuwa yanakaa bure. Nimeyapatia kazi kidogo, kwa wakati huu."

Kazi kidogo! Nikamupita, nikaenda nyuma ya cuisine, nikafungua mulango ya ile poulailler. Ee Yesu Maria. Chini ilikuwa inang'aa nyeupe, ukuta hadi ukuta. Na kuku, masikini, zilikuwa zinateleza! Jogoo anataka kutembea kama mwanaume, muguu moja inaenda Mudzi-Pela, ingine inaenda Nyakasanza, anakaa chini na matako. Koo moja ilijikandamiza ku kona, haitaki hata kusogea kwenye maji. Na mavi, kila pahali, juu ya nyeupe ya maziwa ya mama yangu.

"Zinateleza," nikasema.

"Ni adaptation," Louis akajibu. "Na leo mangaribi naleta maranda ya kumwaga juu, ili zikamate muguu vizuri."

Nikamuangalia. "Maranda juu ya makaro?"

"Eeh."

"Sasa makaro yataonekana?"

"Hayataonekana, lakini yako."

Sikia huyu mutu! Amechukua makaro ya kaburi ya baba yake, ameyagandisha na simenti chini ya kuku, na leo mangaribi anayafunika na maranda, yale yale maranda yenye alifanya watu wanicheke. Nikamuambia: "Na barabara ikifunguka?"

"Nitayang'oa."

"Simenti ikishakamata unang'oa na nini? Na meno?"

"Iko technique yake. Walitufundisha."

"Ku formation ya kuku walikufundisha kung'oa makaro?"

Akakasirika. Akaanza kusema baba alipenda wanyama, baba mwenyewe angefurahi, mali yenye haitumiki Mungu haiipendi, barabara haitafunguka leo wala kesho, na mimi mwanamuke ya soko najua nini. Nikamuacha amalize. Kisha nikamuambia: "Kinywa yako imetangaza nyuki, imetangaza sabuni, imetangaza kuku. Itatangaza na hii. Siku ya mungu, jumapili, utakuja kwangu na utamuambia mama weye mwenyewe."

Siku ya mungu akakuja. Aliniletea mayai, ya kuku ya jirani, sababu zake hazikuwa zimetaga hata moja. Akakaa karibu na mama, akamuuliza goti, akakula fufu na sombe na samaki yangu, akakula tena. Akasema juu ya ugonjwa ya kuku, akasema juu ya bei ya mahindi, akasema juu ya Fanta ya formation. Mimi ninamukodolea macho toka ku mulango ya cuisine, na yeye anaangalia sahani. Mwoga. Mutu wa kusimama mbele ya mutaa muzima, na mbele ya mama yake muzee hana sauti.

Na pale pale telefone ya mama ikalia. Davy, toka Ariwara. Mama akaweka sauti juu, sababu hasikii vizuri. "Mama! Barabara ya Djugu inapitika! Wiki hii watu wanapanda pamoja, iko na walinzi. Katekista Vital wa kijiji anatungoja kule. Mama, tunaenda kujenga!"

Sijawahi kuona mama anasimama vile, na ile goti. Hakulia, hakupiga kigelegele. Aliingia mu chumba, nikasikia sanduku inafunguka, akatoka na pagne ya rangi, ya manjano na kijani, yenye baba alimununulia zamani. Akaiweka juu ya meza, akaipangusa na mukono. "Louis," akasema, "tuende kwako sasa. Nataka kuyahesabu, nione kama hakuna yenye ilivunjika mu camion."

Louis akakuwa rangi ya majivu. "Mama, goti. Ngoja, mimi nitayaleta hapa. Nitangulie nipange." Na akatoka mbio, akapanda moto ya kwanza, hata kofia yake ikabaki kwangu.

Nikasema, "Mama, sikiliza, ile makaro..."

"Joséphine, usiniharibie siku," akanijibu, na alikuwa anacheka. Mama alikuwa anacheka! Nikaita moto mbili.

Tulipofika kwa Louis tukasikia nyundo. Watu tayari wamejaa ku uzio, Osée mbele yao. Mama akanishika bega, tukazunguka nyumba. Mulango ya poulailler ilikuwa wazi, maranda imetupwa inje, kuku zimetawanyika mu boma. Na ndani, Docteur yetu, magoti chini mu mavi, nyundo na patasi mu mikono, anapiga. Pembeni yake kilima ya vipande nyeupe. Hakuna moja ilitoka muzima. Hata moja.

Mama akaingia. Hakuhitaji kuinama, nyumba ilikuwa refu vya kutosha. Akasugua chini na kandambili yake, pole, mpaka ile nyeupe ikaonekana vizuri. Akasimama juu yake. Mimi nilingoja alie. Watu wote walingoja alie.

"Ni zenyewe," akasema.

"Mama," Louis akaanza, "mama, nitanunua zingine. Nakuapia. Nitanunua muzuri kupita hizi."

"Zingine utatandikia bata."

Mutu moja ku uzio akataka kucheka, kicheko ikamukwama. Mama hakugeuka. Akaangalia mabati, akaangalia mbao ya kurandwa, akaangalia madirisha na wavu yake, taratibu, kama mutu anayetafuta nyumba ya kukodi. Kisha akasema na sauti ya kawaida, ile ya kuomba chumvi:

"Nyumba nzuri. Baba yako hakupata hivi. Mimi nitapata. Joséphine, umuambie Davy asikuje, safari hakuna. Hii nyeusi sitavua tena, nitakufa nayo. Na nikikufa musinibebe mpaka Djugu, munichoshe bure na barabara. Munizike humu. Makaro iko, mabati iko. Na humu Louis anakujaka kila siku."

"Mama, usiseme hivyo!" Louis alikuwa analia sasa, makamasi, kila kitu. Nilitaka kusikia huruma. Sikusikia. Nilisikia tu haya, haya ya kuwa tulinyonya ziwa moja.

"Uko na mètre," mama akasema.

Alikuwa nayo, ile ya chuma ya mafundi, inaning'inia ku mukanda.

"Itoe. Upime kama natosha."

Watu ku uzio wakapiga yowe. Kwetu mutu mwenye angali hai hapimwi. Mwenye anapimwa ni yule seremala anamungoja na jeneza. Christella akafunika uso na kitenge. Osée akasema, "Mama Berthe, tafazali," na mama akainua kidole moja, Osée akarudi nyuma.

"Louis. Mimi mama yako nakuambia pima."

Louis akashika mètre, ikamuponyoka, ikalia juu ya makaro. Akaiokota. Akaivuta kidogo, ikajirudisha mu mikono yake. Hakuweza kuinua macho. Na mama, mu nyeusi yake, alikuwa amejinyoosha pale katikati, visigino pamoja, mikono imebana mbavu, anangoja mutoto yake ya kwanza amupime.